Kuwakagua Wagonjwa wa Kiwanda cha Biskuti

Jumatatu, 4 Machi
Nusu ya watu ninaowasimamia hawakuja. Tumbo, mgongo, msiba! Apenisa wa oveni amemzika bibi yake kwa mara ya tatu tangu Krismasi. Nikamuuliza kwa simu ana bibi wangapi. Akanijibu, "Kaka Waisale, kwani dada zake bibi si bibi?" Kweli ni bibi. Hata mimi ninao tele, ila wangu hawafi Jumatatu. Mama Nalini, mwenye kiwanda, amesema mahudhurio yakipanda kufikia Ijumaa, umeneja ni wangu. Yasipopanda, ni wa Vikash wa kupakia. Vikash! Mtu anayechekea hata katoni.

Jumanne, 5 Machi
Nimebandika tangazo: atakayeumwa, nitamfuata kwake kumkagua. Raha iliyoje! Vikash akauliza kama nitabeba mizizi ya yaqona, ile ya kutwanga na kunywa mpaka mwili ulegee, maana hapa Lautoka, Fiji, huingii kwa mtu mikono mitupu. Nikamwambia huu ni ukaguzi, si ugeni.

Jumatano, 6 Machi
Apenisa kasema mgongo. Nikamkuta juu ya paa, anapigilia mabati! Nimemnasa! Kabla sijafungua mdomo, mama yake ameshatandika mkeka, ananiuliza mimi mtoto wa nani. Aibu ikanishika. Nikakimbia dukani kununua yaqona. Ikatwangwa, ikachujwa, kifuu cha kunywea kikaanza kuzunguka. Kukataa ni kuitukana nyumba. Ulimi ukafa ganzi. Nikamsifu Apenisa kwa paa lake.

Alhamisi, 7 Machi
Miguu imegoma kwa yaqona ya jana. Sikwenda kazini. Na leo, kwa kuogopa ukaguzi, wamefika wote! Mtoro ni mimi peke yangu! Kazi ilipoisha, hodi: Vikash na kundi zima, furushi la yaqona kwapani, tangazo langu mkononi. "Bosi, pole. Tumekuja kukukagua." Mke wangu akatandika mkeka. Msaliti.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejikokota hadi kiwandani. Wakaguzi wangu wote wamelala makwao, Vikash akiwa wa kwanza. Apenisa peke yake anachoma biskuti, anapiga mluzi. Jana hakuja kwangu, alikuwa anamalizia paa. Mama Nalini kampa umeneja palepale. Apenisa! Nimeumia mpaka basi.

Jumatatu, 11 Machi
Sikwenda. Siwezi kumwita Apenisa bosi. Nimempigia kumwambia bibi yangu amefariki. Kalia kabisa, masikini. Jioni analeta kiwanda kizima kuhani. Nikamwomba bibi alale kidogo, asitikisike mpaka waondoke. Akaniuliza kama nina akili timamu, akaendelea kumenya mihogo.
Si neno. Nimemtuma mke wangu akamwombe dada yake bibi. Naye si bibi?