Bega la Kulia la Wifi

Jumatatu, 6 Mei

Nafukuzwa. Hawakulitumia neno hilo. Kaka alilisema jambo lenyewe na mdomo umejaa chakula, nisijue tonge linaishia wapi na hukumu inaanzia wapi. Arusi ya binti yake ikishapita, mama mkwe wake, mzazi wa mkewe, anakuja kukaa nasi moja kwa moja, na atalala chumba cha uani. Chumba cha uani ni changu! Nikauliza mimi nitalala wapi. Akasema kwa mdogo wangu kuna nafasi. Kwa mdogo wangu hakuna nafasi hata ya kupiga chafya. Wifi, mke wa Kaka, alikuwa akiitazama chumvi kana kwamba ina maandishi.

Mpango ulinijia nikiosha vyombo. Wifi amenunua gauni la arusini, rangi ya zambarau iliyoiva, na bega la kulia linamvuka. Linateremka mpaka kiwikoni kama mtoto asiyetaka kubebwa. Alikuwa ameshalikunja alipeleke kwa yule fundi wa mtaa wa pili, tunayemwita Futikamba kwa sababu futi yake haitoki shingoni hata msibani. Nikamzuia mlangoni. Unakwendaje kwa watu wa nje na ndani una wifi mwenye cherehani? Akaniuliza ufundi nimeuanza lini. Nikamkumbusha kwamba nilikuwa mke wa fundi. Akajibu kwamba yeye ni mke wa karani tangu ujana wake, na hajawahi kuamka akakuta mhuri mkononi.

Mdomo huo! Lakini gauni aliniachia. Akivaa likamkaa, watu watauliza nani kalitengeneza, naye atalazimika kunitaja. Nani anamtoa nje fundi wa nyumbani mwake?

Jumatano, 8 Mei

Siku ya kupima. Wifi juu ya kigoda, chumbani kwangu, kanuna tayari. Nikamvisha gauni nje-ndani, mishono ikinitazama, maana ndivyo alivyofanya marehemu mume wangu: ukipiga pini upande wa ndani, unashona palepale, huna haja ya kuhamisha alama. Yeye alipimia kwenye sanamu ya mbao. Mimi nina Wifi. Tofauti ni kwamba sanamu hainuni.

Bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto. Sababu ni funguo. Tangu nimjue, anabeba begani mkoba wenye funguo za kila kabati la nyumba hii, la sukari likiwemo. Ukiwafungia wenzako sukari miaka yote hiyo, bega lazima litoe ushahidi. Nikakikusanya kitambaa kilicholegea upande wake wa kulia, nikapiga pini. Akapiga kelele kwamba nimemchoma. Nikamwambia fundi asiyechoma hajagusa.

Marehemu alikuwa hakati kitambaa cha ziada upesi. Alipiga bandi kwanza, mishono ya muda tu, akamwita mteja, akatazama, akaguna, akafumua, akaanza upya. Nilimpenda, lakini alikuwa mwoga. Mimi nilishona moja kwa moja, nikakata. Mkasi ulitoa ile sauti yake. Katika chumba chetu cha kwanza, kabla hatujahama na kuhama tena, sauti hiyo ilikuwa kutwa nzima, nami nikikaa pembeni kushona vifungo. Kutazama ni nusu ya kujua. Nusu iliyobaki ni moyo.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa!

Bega la kushoto la gauni limepanda karibu na sikio. La kulia linamwagika vilevile, kama vile sikulishika. Wifi alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka, akarudi akajitazama tena. Kisha akatamka kwa upole wa kuudhi kwamba nimemshonea yule wa kwenye kioo. Yeye aliye hapa bado hajashonewa.

Nilichukia kwa sababu ni kweli. Nguo ikivaliwa nje-ndani, bega lako la kulia linaingia kwenye bega la kushoto la nguo. Ukiigeuza, kila ulichokirekebisha kimehamia upande wa pili. Sanamu ya mbao ina mabega sawa, kwa hiyo haikulalamika. Miaka yote ile nimekaa karibu na marehemu hata magoti yakigusana, na hilo sikuliona! Na yeye hakuniambia. Wanaume wana siri.

Sikukiri. Nilimwambia Wifi kitambaa kigeni hakijalizoea bega. Akasema basi na kikazoee kwa Futikamba. Kipande nilichokata hakirudi, na Futikamba atakiona kidonda kabla hata hajavaa miwani. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ungejua. Nikasema pindo bado, na gauni lenye nyuzi zinazoning'inia halitoki nyumba ya watu wenye heshima zao. Akanipa mpaka Jumanne.

Jumapili, 12 Mei

Nimefikiri mchana kutwa. Gauni haliwezi kubadilika tena. Basi abadilike Wifi: bega lake la kushoto lishuke.

Kwenye chai nikasema, kama mtu anayepitisha muda tu, kwamba daktari mmoja ameonya redioni: mkoba ukibebwa begani kulia, unaliminya ini. Ini liko kulia, hata mtoto anajua. Kaka akashusha gazeti, akasema redio hiyo hajaisikia. Kaka hasikii kitu. Alikuwa hivyo hata tulipokuwa wadogo, mama akiita mimi ndiye niliyekwenda. Lakini Wifi, ambaye hujipapasa ubavu kila akila mafuta, aliuhamishia mkoba kushoto palepale. Nusura nimkumbatie!

Ila siku ni chache na bega ni gumu. Alipoingia bafuni nikatumbukiza chini ya bitana ya mkoba lile kufuli kuukuu la geti. Kumsaidia kidogo.

Jumanne, 14 Mei

Shingo ya Wifi imekataa kugeuka. Akitaka kukutazama anageuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa. Nami nimegundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia: anayebeba mzigo begani haliachii bega, analipandisha ili mzigo usiteleze. Bega la kushoto nililotaka lishuke limekwenda juu zaidi. Nililivisha gauni lile kwa macho tu, nikaliona limevuka sikio.

Mchana akaumwaga mkoba kitandani kutafuta dawa ya kuchua. Kufuli likaruka, likatua kwenye kidole gumba cha Kaka. Kikao kikaitwa. Kaka, mguu ndani ya beseni, akauliza ni nani. Binti yake alicheka mpaka akatoka nje, akirudi anasema, Shangazi jamani, Shangazi, kisha anatoka tena. Nikasema mkoba mwepesi huvutia wezi, kwa hiyo kulikuwa na nia njema. Kaka akauliza tangu lini wezi wanapima uzito.

Wifi hakufoka. Ningependelea afoke. Alinitazama, mwili mzima umenielekea, akauliza, "Mama, gauni liko tayari?"

Mama! Mimi ni wifi yake. Mama ni neno analomwitia muuza nyanya asiyemjua.

Nikamwambia liko tayari. Kisha nikaenda sebuleni, nikafumua mshono wa chini wa kiti cha Kaka, nikakata sponji la unene wa mkate. Bega lililo chini likipandishwa, gauni litakuwa sahihi. Angalau litafanana na kitu. Nimelishikiza ndani ya bega la kulia kwa mishono michache, uzi uliobaki ni mfupi.

Jumamosi, 18 Mei

Arusi.

Sponji lilikaa wakati wa kuingia ukumbini. Likakaa wakati wa kuketi. Wifi alikuwa na mabega ya askari, lakini ya askari wawili tofauti. Hata hivyo nilianza kupumua. Mwanamke mmoja upande wangu akasema mama wa bibi arusi kapendeza. Nikainama kumwambia ni kazi ya nani.

Hapo hapo akaja mama wa bwana arusi. Ni mwanamke anayekumbatia kwa dhati, kushoto na kulia na kushoto tena. Alipomwachia Wifi, sponji lilikuwa limehamia mgongoni. Nundu! Mpiga picha akamwomba Wifi asimame wima. Akasimama. Nundu nayo ikasimama. Mpiga picha, mtu wa kazi yake, akarudia ombi. Yule mwanamke wa upande wangu akauliza nilikuwa nasema ni kazi ya nani. Nikamwambia hakunisikia vizuri.

Futikamba alialikwa. Suti, tai, na futi juu ya tai. Akapita katikati ya watu bila haraka, akamsogeza Wifi nyuma ya nguzo. Akatia mkono mgongoni akalichomoa sponji kama jino. Akaomba mtandio kwa mmoja wa wasichana, akautupa juu ya bega la kulia, akabana kwa pini mbili alizozitoa kwenye ukosi wake. Mtandio ule ukafunika kila nililofanya. Basi wanawake wakaanza kumuuliza Wifi mtindo huo kautoa wapi, na Wifi akasema, sauti ikifika mpaka nilipo: fundi wetu.

Fundi wetu!

Futikamba akapita kwangu akielekea nje. Akaniamkia kwa adabu zote, akaniwekea mezani sponji lililofungwa ndani ya karatasi ya kufutia mikono, akaenda zake. Mtu akikutukana utamjibu. Akikurudishia sponji lako, utasema nini?

Jumatatu, 20 Mei

Nimefungasha. Sanduku ni lilelile nililokuja nalo, na bado limebaki na nafasi. Cherehani nitaipakata.

Wifi akaja kusimama mlangoni. Shingo imepona. Akasema kuna jambo nilijue kabla sijatoka. Kwamba tangu habari ya mama yake ianze alikuwa akigombana na Kaka kuhusu chumba hiki. Kwamba alikipima mwenyewe, kutoka dirishani mpaka mlangoni, na vitanda viwili vyembamba vinaingia. Vikongwe wawili wangezungumza, wangegombana, siku zingekwenda. Alikuwa akingoja arusi ipite aniambie, Kaka akiwa hana pa kukimbilia.

Nikamwuliza basi kimebadilika nini. Akasema gauni ni nguo tu. Ningesema nimekosea, tungecheka, tungekwenda wote kwa fundi tukachekwa na yeye pia. Lakini mtu anayekutilia chuma mkobani, anakutazama ukiumwa shingo, na bado anakumiminia chai, huyo atamlazaje chumba kimoja na mama yake? Aliposema mama yake sauti ilimkatika kidogo. Kisha akasema, nenda salama, wifi.

Sasa ndiyo ananiita wifi!

Uongo mtupu. Mtu akishakutoa hupenda akuonyeshe alikuwa karibu kukuweka, ili uondoke unamshukuru. Ni kweli nilipopita sebuleni niliona vipande vya kitanda chembamba vimeegemezwa ukutani, bado vimo ndani ya nailoni. Kipya. Lakini hilo halithibitishi kitu. Watu hununua vitanda.

Kaka alinibebea sanduku mpaka barabarani, akichechemea. Nilitaka aseme neno.

Alhamisi, 23 Mei

Kwa mdogo wangu. Nalala sebuleni, nyuma ya pazia, miguu chini ya meza ya watu. Watoto wananiruka wakienda shule. Mdogo wangu ni mpole, amesema nikae ninavyotaka. Ni neno linalosemwa na wasiojua watu hukaa muda gani.

Nimelitafakari kosa langu kwa utulivu, bila kujionea huruma. Sikosei kushona. Kosa lilikuwa kuanza na gauni, nikaushughulikia mwili baadaye, muda umekwisha. Mwili ndio wa kwanza. Marehemu alilielewa hilo ndiyo maana akachagua sanamu ya mbao.

Mdogo wangu ana gauni la kazini, la kijani. Nyonga yake ya kushoto imepanda kidogo, ametoka nayo tumboni. Tangu jana nimewasihi watoto wamwachie upande wa kulia wa kochi, ule uliobonyea, na chini ya mto wa kukalia, upande wa nyonga ya kulia, nimeweka kitabu kinene. Nampa juma moja anyooke. Kisha mkasi.

Asubuhi hii nilimgusia kwamba naweza kumpunguzia gauni lile kiunoni. Alishangaa. Akajishika kiunoni, akajigeuza, akasema, "Dada, mbona lanikaa vizuri tu?"

Ndivyo wasemavyo wote, kabla sijawashika.