Pesa ya Mchezo

Tangu serikali ihamie Dodoma, mtu asiye na kamba ya kitambulisho shingoni anaonekana kama katoka nyumbani bila kuvaa. Optatus alilijua hilo mapema. Kamba yake ilikuwa ya bluu, pana, ya kuheshimika, na kitambulisho chenyewe alikichomeka daima ndani ya mfuko wa shati, kwa sababu kilikuwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Hakuna aliyewahi kuomba kukiona. Watu wa ofisi hawaombani vitambulisho. Wanatazamana kamba, wanaheshimiana, maisha yanaendelea.

Asubuhi hiyo alikuwa kwa mama lishe mmoja nyuma ya majengo ya ofisi, anakunywa supu iliyolipiwa na mtu mwingine. Meza ya pili alikaa bwana mmoja mwenye kitambi cha wastani na kamba ya kweli. Jina lake Sostenes, karani wa masijala. Alikuwa anamlalamikia mwenzake kwa uchungu wa mfiwa.

“Nimetoka Uholanzi na mzigo wa jibini. Nimeikata Ujerumani yote, sijagonga hata mbuzi. Nakaribia kushusha Poland, paa! Kompyuta imejizima. Mara inajiwasha yenyewe, kama haijui ilichofanya. Mzigo umepotea.”

“Pole,” alisema mwenzake, akihangaika na mfupa.

“Nikiandika barua haizimi. Nikitazama mahubiri haizimi. Nikifungua gemu la malori tu, lazima inizimikie njiani. Mafundi wawili wamekuja nyumbani mimi niko kazini, na mke wangu anasema wote wawili wameishia kushangaa.”

Optatus akaweka kijiko chini. Kuna watu wakisikia mgonjwa wanawaza dawa. Yeye aliwaza urithi. Kompyuta inayozungusha malori Ulaya nzima lazima iwe na kadi ya gemu tumboni, ile inayochora picha, na kadi ya namna hiyo mjini inagombewa.

“Samahani, mkuu,” akasema, akisogeza kiti. “Sikuwa nasikiliza, lakini nimesikia. Mimi ni mtu wa mifumo.”

Sostenes akaitazama ile kamba. “Wizara gani?”

“Zote,” Optatus akajibu kwa unyenyekevu.

Jumamosi akaelekezwa Mkonze.

Nyumba ya Sostenes ilikuwa nyumba nzuri isiyo na macho. Kuta zipo, bati jekundu lipo, mlango wa mninga upo, ila palipostahili madirisha pamezibwa kwa turubai na vipande vya bati. Upepo wa Mkonze, ambao haujawahi kumwogopa mtumishi wa umma, ulikuwa unaingia na kutoka utakavyo, na vumbi lake.

Aliyemfungulia alikuwa Evodia, mke wa Sostenes, mikono yake ya zambarau mpaka viwikoni. Alikuwa anakamua zabibu. Juisi yake aliigandisha kwenye friza kubwa la koridoni na kuwauzia wanafunzi.

“Karibu, fundi. Kaa kiti kile, hiki kina vumbi. Ah, na hicho nacho kina vumbi. Basi kaa tu.”

“Asante, shemeji. Na madirisha vipi?”

“Yako Ulaya,” akasema Evodia. “Yanabeba jibini.”

Sostenes akakohoa, na si kwa sababu ya vumbi. Pesa ya madirisha ilikuwapo mwaka jana, akaichukua yote akanunulia kompyuta ya nguvu, kwa ajili ya masomo ya mtoto wao Daudi. Daudi yuko shule ya bweni na hajapata kuigusa. Miezi michache baadaye mama yake Sostenes, bibi Ruthu, alikuja kutoka Mpwapwa kuishi nao. Alikohoa usiku na mchana, kisha akafunga mzigo wake. “Nitarudi nyumba ikipata macho,” akasema, akapanda basi. Evodia alimpenda mama mkwe wake, jambo ambalo baadhi ya majirani hawakulisadiki, na tangu siku ile kila akilitazama turubai lile lilimuuma moyoni.

“Mkuu, endesha nione,” Optatus akaagiza.

Sostenes akakaa, akafunga mkanda ambao haupo, akaingia barabarani. Evodia akaenda koridoni kuweka juisi yake kwenye friza. Lori lilikuwa limeshika kasi nzuri, linakata kona ya milimani, friza likanguruma kule koridoni, na kioo kikawa cheusi tii. Baada ya pumzi mbili kompyuta ikajiwasha yenyewe, ikawasalimia.

“Umeona!” Sostenes akapiga goti lake. “Umeona inavyonifanya!”

Optatus akaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akalifungua. Ndani mlikuwa na kadi nene yenye feni tatu, inang'aa chini ya utando wa vumbi, na mate yakamjaa kinywani akayameza kwa adabu. Akafungua skrubu, akaichomoa, akaigeuza, akainusa.

“Mkuu, kaa chini.”

“Nimekaa.”

“Basi jikaze. Kadi imefariki.”

“Imefariki! Mbona picha zinaonekana?”

“Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hii tunaiita kufa kwa ndani. Ukiipa kazi ndogo, inajikaza kwa aibu. Ukiipa kazi nzito, inakumbuka kwamba imekufa.”

Sostenes akashika kichwa. Evodia alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta mikono.

“Una uhakika, fundi?”

“Mia kwa mia, shemeji.”

“Haiponi?”

“Haiponi.”

“Na haiuziki?”

“Nani anunue maiti?”

“Hebu rudia, baba Daudi asikie vizuri. Asije kusema kesho mke wangu kanificha.”

Optatus akarudia. Na kwa kuwa aliona mambo yanamnyookea, akaongeza na kiapo, kwa jina la mama yake mzazi. Kisha akaingia kwenye jambo lililomleta. “Sasa vitu hivi vina sumu, havitupwi jalalani. Nifungieni niondoke nayo, nikaizike kitaalamu. Sitawatoza chochote.”

“Leo?” Evodia akashtuka. “Fundi, kwani wewe ni mtu wa wapi? Kwetu marehemu haondoki kabla ya kulala nyumbani kwake. Njoo Jumatatu jioni.”

“Mama Daudi anasema kweli,” Sostenes akasema kwa sauti nzito. “Nimetembea nayo nchi nyingi.” Akaifunika kwa kitenge.

“Tena mtu haji msibani mikono mitupu,” Evodia akaendelea. “Rambirambi yako iko wapi?”

Optatus akacheka. Akagundua anacheka peke yake. Macho ya Evodia yalikuwa nje, kwenye pikipiki ya Optatus, ambako ilifungwa stabilaiza kubwa, ile mashine ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Ilikuwa ya mwenye duka la dawa kule mtaa wa Kikuyu, aliyempa akaitengeneze, na ambaye Optatus alikusudia kumsahau.

“Kile pale je?”

“Kile ni cha mtu, shemeji.”

“Kila kitu ni cha mtu.”

Optatus akapiga hesabu. Thamani ya ile kadi ni stabilaiza ngapi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaishusha, akaibeba mpaka sebuleni kwa mikono yake mwenyewe, akatoa na neno fupi la faraja.

Jumatatu jioni Evodia alimkabidhi marehemu akiwa amefungwa vizuri kwenye kitenge. Optatus, asiyemwamini mtu kwa sababu anajijua mwenyewe, akafunua upande mmoja. Feni tatu, rangi ileile, uzito uleule. Akafunika.

“Mpeleke salama,” akasema Evodia.

“Nitajitahidi, shemeji,” akajibu Optatus, na pikipiki ilikuwa imeshawaka.

Alienda moja kwa moja mjini, kwenye duka la Batholomeo, mnunuzi wa vipuri vya kompyuta asiyeuliza vimetoka wapi. Batholomeo akafungua kitenge, akaitazama kadi, akaanza kucheka kimyakimya mpaka tumbo likagonga meza.

“Optatus, hii umeitoa Mkonze.”

“Umejuaje?”

“Kwani si nimeitoa mimi dukani hapa! Asubuhi kaja mama mmoja kutoka Mkonze, mikono ya zambarau. Ana kadi nzima ya aina hii, nimeipima palepale, haina hata mafua. Tumepatana bei, nikamlipa. Anaondoka, akageuka, akaniomba nimwongezee mbovu inayofanana nayo. Nikamuuliza ya nini, mama? Akasema, ‘Kuna kijana anataka kuzika.’”

Siku kadhaa Optatus hakuonekana kwa mama lishe. Aibu ya mjanja ni ugonjwa mbaya, hauna hata mtu wa kumweleza. Angekubali yaishe, lakini mwenye duka la dawa alianza kupiga simu. Alianza kwa upole. Kisha akasema umeme umemuunguzia taa zote za dukani, na kwamba asipoiona stabilaiza yake kufikia Jumapili, watakutana kituo cha polisi. Jumamosi Optatus akarudi Mkonze.

Aliipita ile nyumba bila kuitambua, ikabidi ageuze pikipiki. Nyumba ilikuwa imepata macho. Madirisha ya alumini pande zote, vioo vinang'aa mpaka anafumba jicho moja. Akagonga kioo kilicho karibu, na Evodia akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja tu.

“Shemeji,” Optatus akaanza, “ile kadi imekufa.”

“Si ndivyo ulivyosema, fundi?”

“Nilisema, ndiyo, lakini wakati ule ilikuwa haija...”

“Haijafanya nini? Paza sauti, baba Daudi yuko hapo nyuma anamwagilia miche. Nimwite? Umweleze kwamba ilikuwa nzima, na wewe uliapa kwa jina la mama yako?”

Optatus akapunguza sauti. “Basi nirudishie stabilaiza tu.”

“Tangu lini rambirambi ikarudishwa?”

Evodia hakuwa mtu mbaya. Alipomwona anavyonywea, akainama dirishani akamwambia kwa sauti ya chini. “Sikiliza, ndugu yangu. Mafundi wawili wa kwanza walikuwa waaminifu. Mmoja wao, Kefa, hata hakukaa. Aliona mara moja kwamba friza langu na kompyuta vinanyonya waya mmoja. Friza likiwaka umeme unazama, na kama gemu nalo linaendelea, kompyuta inajizima. Akaniambia na lingine, kwamba kadi ile peke yake ingeweka madirisha nyumba nzima. Nikampa juisi, nikamwambia mume wangu fundi kashangaa. Sasa mtu mwaminifu angenisaidia nini? Angeiponya! Mimi nilikuwa natafuta fundi mwongo. Nimehangaika Mkonze nzima sikumpata. Mungu si Athumani, baba Daudi akakuleta mwenyewe.”

Katika kazi yake Optatus aliwahi kukimbizwa, aliwahi kupigwa, lakini hakuwahi kuajiriwa bila kujua.

“Fundi!” Sostenes alitokea kwenye kona ya nyumba na ndoo yake, uso umejaa furaha. “Umekuja kutupa pole! Basi tumejaliwa. Mama Daudi kapokea mchezo, tazama alivyotupendezesha!”

Pale mtaani wanawake wengi wanacheza mchezo: kila mmoja anachangia, na zamu yako ikifika unapokea chote. Sostenes alifurahi kiasi cha kutouliza zamu ya mke wake imefikaje ghafla.

“Pesa ya mchezo,” Evodia akathibitisha, bila kupepesa jicho.

Wala hakusema uongo. Ilikuwa pesa ya mchezo, kila shilingi. Kiswahili nacho kina huruma zake: neno moja lilitosha kuilinda ndoa ya watu.

“Na ile kompyuta,” Sostenes akaendelea, “tangu utuachie kifaa chako haijazima hata mara moja! Malori haiwezi tena, lakini nacheza karata, natulia. Nimekutangaza ofisi nzima. Watu wanakusubiri.”

Ndani ya nyumba ikasikika sauti ya kizee, na kandambili zinazoburuzwa taratibu.

“Nani huyo, mkwe wangu?”

“Ni fundi, mama.”

“Yule wa madirisha?”

Evodia akamtazama Optatus, akafikiri kidogo.

“Ndiye huyu, mama. Bila yeye tusingeyapata.”

Bibi Ruthu akafika dirishani. Alikuwa amejifunga khanga mbili, anahema vizuri, hakohoi. Akatoa mkono wake mkavu nje, akaushika wa Optatus, asiuachie.

“Mbukwa, mwanangu,” akamsalimia kwa Kigogo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Nimelala hapa siku tatu, kifua kimetulia. Nilidhani nitafia Mpwapwa sijakaa na mwanangu.” Machozi yakamlengalenga. “Sina cha kukupa. Mungu akulipe, baba. Akulipe sawasawa na kazi yako.”

Simu ikaanza kulia mfukoni mwa Optatus. Hakuhitaji kuitazama, mlio ule alikwishampangia mwenye duka la dawa. Alitaka kuizima, lakini mkono ulikuwa bado umeshikwa.

“Fundi,” Evodia akamkumbusha kwa upole, “umeombewa.”

“Amina,” akasema Optatus.