Jalala la Muntu Mukubwa

Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1956, Nyamitaba

Nimeanza daftari hili kwa hasira. Sababu: mwavuli.

Jirani yangu Marcellin amenunua mwavuli mweusi kwenye magazini, lile duka kubwa la Masisi. Jana alikuja nao kwenye sala ya Jumapili. Jua kali, hakuna wingu hata moja. Akaufungua! Akatembea chini yake kama askofu mpaka mlango wa kanisa, na watu nyuma yake wakigombania kugusa mpini. Mimi, Honoré Kabera, karani wa mizani kwenye shamba la pareto la Mzungu, mtu anayeandika kilo za kilima kizima kwa kalamu ya wino, nilisalimiwa na watu wawili. Mmoja alikosea. Alidhani mimi ni Marcellin.

Nilimwambia mke wangu Vestine kwamba na sisi tununue kitu. Alijibu kwamba tununue jembe. Jembe! Nani anakwenda kanisani na jembe?

Lakini leo, nikitoka kazini, nimepita nyuma ya jiko la Mzungu. Kuna shimo la taka. Ndani, mikebe mitupu inang'aa: ya sardini, ya nyama ya ng'ombe, ya siagi. Nimesimama. Wazo limenijia zima, na mikono na miguu yake.

Mtu akila haonekani. Yuko ndani, mlango umefungwa. Mtu anaonekana kwa kile anachotupa.

Jumanne, tarehe 4

Straton, mpishi wa Mzungu, ameuliza mikebe mitupu nataka ya nini. Nimesema ya kuwekea misumari. Ameniangalia sana. Mwishowe tumepatana: mayai manne kwa mikebe mitatu.

Mayai hayo Vestine alikuwa anayangoja yaanguliwe. Nimemweleza kwamba vifaranga ni mambo ya baadaye, heshima ni ya sasa. Ameuliza ndani ya mikebe kuna nini. Hakuna kitu. Ameuliza tena, kana kwamba hakusikia. Hakuna kitu, Mama! Basi amenyamaza. Vestine akinyamaza, hata maharage yanachelewa kuiva.

Nimeiweka juu ya jalala letu, kando ya njia ya kisimani, picha ya samaki ikiangalia wapita njia. Mkebe mmoja nimeulaza ubavu, uonekane umetupwa na mtu asiyejali. Huo ndio umenichukua muda mrefu kuliko yote.

Jumatano, tarehe 5

Ushindi! Mama Nyirabagenzi, ambaye akijua jambo asubuhi kilima chote kinalijua kabla ya saa sita, amepita na mtungi wake. Ameona. Amerudi nyuma hatua tatu. Amehesabu kwa kidole. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba, nimeziba mdomo kwa mkono.

Saa nne, kwenye mizani, wachumaji wamekwisha kuniita Papa Karani. Jana nilikuwa "weye". Mmoja ameuliza sardini ina ladha gani. Mimi nimeonja sardini mara moja maishani, mwaka 1951, nusu, na ilikuwa nusu ya mkia. Nimemjibu kwamba ukizizoea huisikii tena ladha yake.

Mchana: maharage. Baada ya kula nimesimama mlangoni nikapangusa mdomo kwa leso nyeupe, polepole, mara mbili. Marcellin alikuwa anapita. Amenisalimia yeye kwanza! Na mwavuli ulikuwa umefungwa.

Alhamisi, tarehe 6

Mwizi! Mwizi wa akili za watu! Jalala la Marcellin lina mikebe mitano. Mmoja wa siagi!

Nimekimbia kwa Straton. Hakukana. Amesema watu wawili wakitaka kitu kimoja, kitu hicho kinapanda. Mayai hayataki tena. Anataka kuku. Nimemkumbusha kwamba ile ni takataka. Amesema basi niiache.

Nimempa kuku mwekundu. Vestine alikuwa shambani. Kwa kuku huyo nimepata mikebe sita, na mmoja wao, ee Mungu wangu! Mrefu, wa rangi ya bluu na dhahabu, wenye picha ya mbwa wa masikio marefu anayecheka. Maandishi yake si Kifaransa, sikuweza kuyasoma. Straton amesema umetoka Ulaya kwa meli. Nimeuweka juu kabisa ya jalala, kama msalaba juu ya kanisa.

Vestine amerudi, ameita kuku. Ameita muda mrefu. Halafu ameangalia jalala. Ameniambia kwamba kwenye magazini ya Masisi, mtu akiuza kuku kama yule ananunua mikebe minne ya sardini, mizima, na samaki ndani.

Hesabu hiyo sikuwa nimeifanya. Nimemwambia mambo ya makarani asiyaingilie.

Ijumaa, tarehe 7

Habari kubwa! Evode, katekista wetu, amekuja nyumbani akiwa amevaa viatu. Maneno mawili. La kwanza: kanisa linahitaji mabati, na wale wanaokula vya mikebe wanaombwa kutoa zaidi ya wengine. Nimesikia mdomo wangu ukiahidi mbuzi. Sikuwa nimeutuma.

La pili: Jumapili Padri anakuja kutusomea misa. Kila mara anakula kwa Marcellin. Safari hii wazee wa kanisa wameamua atakula kwangu! Wamesema Padri ni Mzungu, lazima anatamani chakula cha kwao, na chakula cha kwao kimejaa kwa Kabera.

Marcellin aliposikia amegeuka rangi ya majivu. Nimemwambia Vestine kwamba siku hii ni nzuri kuliko siku ya ndoa yangu. Sikupaswa kumwambia.

Amesema: "Utamupa Padri mikebe atafune?"

Jumamosi, tarehe 8

Watu wamebadilika. Kwenye mizani kimya. Papa Karani hakuna. Mama mmoja ametua gunia lake mbali, akaniomba nilifuate mwenyewe. Mama Nyirabagenzi amemfungia mbwa wake ndani ya nyumba. Nilipopita amesimama mlangoni na kupanua mikono. Nimemsalimia vizuri. Amejibu kwamba mbwa wake mgonjwa, amekonda, hana nyama. Kwa nini ananiambia mimi?

Vestine ametoka kisimani na jibu. Wanawake wamesema hivi: mkebe wenye picha ya samaki, ndani ni samaki. Mkebe wenye picha ya ng'ombe, ndani ni ng'ombe.

Nimechelewa kuelewa. Halafu nimekumbuka yule mbwa anayecheka.

Kabla sijakaa chini, mama mkwe wangu Mukandori amefika kutoka kilima cha pili, kamba ya kufungia mizigo mkononi. Amesema hakumuzaa binti yake aje kupikia muntu nyama ya imbwa. Kesho baada ya misa anaondoka naye, na mikeka yake, na vyungu vyake. Nimejaribu kucheka. Hakuna aliyenisaidia. Nimemwangalia Vestine. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

Ningeweza kusema ukweli, kwamba mikebe ilikuwa mitupu. Mdomo nimeufungua kabisa. Lakini Marcellin alikuwa amesimama kwenye uzio, anasikiliza. Nimeufunga.

Dawa ni moja: mkebe mmoja mzima wa sardini, mbele ya Padri, mbele ya watu wote. Lakini Masisi ni mbali, sitarudi kabla ya misa. Basi nimeshuka mtoni. Nimevua samaki tisa, kila mmoja kama kidole cha mwisho. Nimewapanga ndani ya mkebe mtupu, nimemimina mafuta ya mawese kutoka Walikale, nimekunja mfuniko, nimeuziba kwa mshumaa. Ukiuangalia kwa mbali, Ulaya kabisa. Ukiuangalia kwa karibu, Kabera.

Jumapili, tarehe 9



Baada ya misa Padri amekuja kwangu. Kilima chote kimekuja nyuma yake, kimejaa uani, kione Padri analishwa nini. Mama mkwe kwenye kigoda, kamba juu ya magoti. Nimetoka na mkebe juu ya sahani, nimeufunika kwa leso nyeupe. Nimefunua.

Padri amefumba macho. Amesema yuko safarini wiki tatu, na kila kijiji kinampa mkebe kwa sababu yeye Mzungu. Amekula sardini mpaka anaziota. Akamgeukia Vestine kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Mama, hauna maharage?"

Vestine alikuwa nayo. Na mboga za lengalenga, na viazi. Padri amekula sahani tatu. Mimi nimesimama pale na mkebe wangu.

Hapo Evode, ambaye tangu kuzaliwa hajaonja sardini, amesema ni dhambi kuacha chakula kiharibike. Ameunyosha mkono. Nitamnyimaje mbele ya Padri? Ametafuna. Amesimama kutafuna, amefikiri, ametafuna tena. Halafu ametia vidole mdomoni, akavuta, polepole, mbele ya Wakristo wote wa Nyamitaba, utambi wa mshumaa. Ulikuwa mrefu. Sikujua mshumaa una utambi mrefu hivyo.

Marcellin amekohoa.

Mama mkwe amesimama. Ameuliza, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, kama Eklezia inaruhusu mukristu kula imbwa. Na ametoa chini ya kitenge chake ule mkebe wa bluu.

Padri ameusoma. Ameusoma tena. Mabega yake yameanza kutikisika. Amesema hiyo ni lugha ya kijiji cha mama yake, na ndani haikuwa nyama ya mbwa wala ya mnyama yeyote. Ilikuwa poda ya kuulia viroboto. Mbwa wa Mzungu anapakwa.

Nimeponyoka! Nimeinua mikono kumshukuru Mungu! Na hapo hapo, kutoka nyuma kabisa, Mama Nyirabagenzi: "Aaa! Kumbe Karani njo iko na viroboto!"

Watu wote wameruka hatua moja nyuma. Hata Padri, kidogo.

Basi sikubakiwa na kitu cha kuficha. Nimesema yote. Straton, mayai, kuku mwekundu, kile kilichokuwa ndani ya mikebe, yaani hewa. Nimesema kila siku tunakula maharage. Nimesema hata nusu ya sardini ya 1951. Nimesema nikiangalia Vestine peke yake, kwa sababu wale wengine niliona aibu kuwaangalia.

Mama mkwe ameanza kucheka. Amecheka mpaka amerudi kukaa. Lakini bado kamba alikuwa ameishika, na amemwambia binti yake akusanye vitu.

Vestine amepangusa mikono kwenye kitenge. Amesema: "Mama, huyu iko mujinga tu. Imbwa hakuli."

Miaka sita ya ndoa, sijatetewa vizuri namna hiyo.

Mama mkwe amefunga kwa ile kamba kikapu cha maharage, ameondoka peke yake. Nimemsikia akicheka mpaka ng'ambo ya bonde.

Jumatatu, tarehe 10

Mbuzi amekwenda kwa Evode. Ahadi ni ahadi, hata ikiahidiwa na mdomo peke yake.

Vestine ametoa sheria. Yai halitoki nyumbani bila yeye kujua. Kuku hatoki nyumbani bila yeye kujua. Nimekubali zote mbili. Mikebe ameizika, isipokuwa miwili: mmoja wa kupimia chumvi, mmoja amepanda kitunguu.

Jioni Marcellin amekuja, bila mwavuli. Nilijua amekuja kunicheka, nikajiandaa. Hakucheka. Amekaa, amesafisha koo, ameniuliza kwa sauti ndogo nilimpa Straton nini. Nimesema mayai manne na kuku mmoja. Amesema yeye alitoa mbuzi. Mbuzi mwenye mimba.

Nimempa kiazi cha kuchoma. Ameuliza kama ni kweli nilionja sardini siku moja. Nimemsimulia ile nusu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Amesikiliza vizuri sana.

Alhamisi, tarehe 13

Siku tatu nimefikiri. Nimefikiri kweli, siyo kama zamani. Na nimejifunza.

Kosa langu lilikuwa chakula. Chakula ni hatari: watu wanaweza kuja kukila. Mtu mwenye akili achague kitu kisichoingia mdomoni.

Jana mvua ilinyesha, udongo umelainika. Leo asubuhi, kando ya barabara, mahali wanapofanya kazi watengenezaji wa barabara, nimekuta tairi kuukuu la lori. Hakuna aliyelitaka. Nimelisukuma kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu. Limeacha alama safi, kila jino limeandikwa! Gari limekuja kwa Kabera! Tairi nimelificha nyuma ya migomba, nimenawa, nimekaa kwenye kiti nikiwa nimechoka kama mtu aliyepokea wageni.

Mama Nyirabagenzi amepita. Ameinama. Ameifuata alama hatua kwa hatua mpaka kwenye miguu yangu. Ameuliza gari gani hilo lenye mguu mmoja.

Sikukawia hata kidogo. Nimesema: pikipiki.

Ameuacha mtungi wake pale pale, amekwenda mbio kwa Marcellin!

Sasa kimebaki kitu kimoja tu: miwani ya kuendeshea pikipiki. Floribert, nyampara wa barabara, anayo. Kioo kimoja kimepotea, lakini nitasimama upande. Anataka jogoo.

Nimezikumbuka tena sheria za Vestine, neno kwa neno. Alisema yai. Alisema kuku. Jogoo hakumtaja.