Ombi la Kukurudishia Binti Yako kwa Wiki Mbili, kwa Ajili ya Hedifoni

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na subira tele, maana subira utaihitaji. Mimi mkweo sijambo, ukiacha masikio, na hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Niliponunua hedifoni nilikusudia jambo dogo tu: nikitoka stoo kwenye ukarani wangu, nikae sebuleni nisikilize muziki. Kumbe wenye ujuzi hawazivai kama zilivyotoka dukani, wanazirekebisha! Basi nimejitwika kazi ya kuamua ni marekebisho gani yanastahili pesa na yapi ni ulaghai. Ni utafiti mzito, Mama. Binti yako anauita upuuzi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Waya. Nilinunua waya wenye madini ya fedha ndani. Sikusikia tofauti. Fundi redio wetu wa mtaani, tunayemwita Profesa Waya, akanieleza kwamba waya hauna kosa, ila masikio yangu bado mageni, niyape muda. Binti yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sijui kama ndivyo mlivyomfunda kumtia moyo mume.

2. Pamba. Hii hujazwa ndani ya vikombe vya hedifoni kuzuia mwangwi. Niliitoa kwenye mto wake wa kulalia, kiasi cha ngumi moja tu, kesho yake nyingine. Sasa analalamika shingo. Shingo na utafiti, wapi na wapi?

3. Mahameli. Mito ya plastiki ya hedifoni ilinitoa jasho masikioni, Profesa akashauri niivishe mahameli. Nayo yalikuwepo kwenye meza ya kushonea ya binti yako, mekundu, yametulia zake. Nikakata miduara miwili, ukubwa wa kisosi. Ningejuaje kuwa lile ni gauni la mteja, tena sehemu ya kifua? Hakupiga kelele. Alilikunja, akasema, "Ahsante, mume wangu." Tangu hapo hajanisemesha neno. Afadhali angenitukana, Mama, matusi nimeyazoea.

4. Cherehani. Yeye amenyamaza, lakini cherehani yake inaongea kutwa nzima. Najua ndiyo inayotulisha mshahara wangu ukiisha katikati ya mwezi, wala sina kiburi nalo. Ila nitapimaje ubora wa pamba na kra-kra-kra iko futi tatu kutoka sikioni?

5. Pumzi. Hata cherehani ikizimwa, binti yako anapumua. Simlaumu, kila mtu hupumua. Lakini yeye huchagua pale muziki unaposhuka taratibu, ndipo anavuta ile pumzi yake ndefu, akinitazama.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima umpokee kwa wiki mbili, yeye pamoja na cherehani, mpaka nimalize vipimo. Si talaka, Mungu apishe mbali! Nahitaji utulivu tu. Matokeo yakitoka nitakuletea nakala, uone kwamba hukuoza binti kwa mtu hivi hivi.

Nisalimie Baba Mkwe, mashemeji wote, na hasa yule mdogo anayetangaza kwamba nimerogwa.

Ni mimi mkweo, mtiifu kuliko ninavyosifiwa,
Karani wa Stoo

Nyongeza: Barua ilikawia, nilikuwa natafuta bahasha. Binti yako hakuingoja. Jumanne nilirudi kutoka kazini nikakuta meza yake tupu, cherehani haipo, na bila shaka ameshafika kwako. Nyumba ikawa kimya, vile vile nilivyoomba. Nikavaa hedifoni, nikajaribu waya mpya na wa zamani, na pamba na bila pamba. Zote sawa, Mama. Nikazivua nikakaa hapo hapo sebuleni, na sikufichi, nililia. Asubuhi nikampelekea Profesa hedifoni azinunue. Akang'oa waya, pamba na mahameli, akatupa kwenye ndoo, akasema marekebisho yanashusha bei! Alichonipa kimetosha kununua mahameli mapya ya yule mteja. Tafadhali usimsomee mwanao yale niliyoandika huko juu. Mwambie tu nakuja Jumamosi kumwomba radhi mbele yenu, na akikubali kurudi, cherehani nitaibeba mwenyewe.