Unga wa Kucha na Kona ya Dada Najiat

Jumanne, 15 Julai 2025
Kuanzia leo mimi Yahaya ni mtaalamu wa lishe ya kucha. Shule niliiacha kidato cha pili, akili nikaondoka nayo! Nimetwanga dagaa wa Kigoma, majani ya mlonge na karanga. Nimechekecha. Jina: Kuchanguvu. Kijiko kwenye uji asubuhi na jioni, kucha zinashiba toka ndani. Nani mwingine hapa Tabora kawaza hivyo? Hakuna!
Ninachotaka ni ile kona mbele ya saluni ya dada Najiat, Gongoni. Nafasi ni ya mchuuzi mmoja tu: mimi au Awadhi. Awadhi anauza kucha za plastiki. Plastiki! Dada kasema Jumamosi kila mtu alete ushahidi.
Wangu ninao vidoleni. Mwezi mzima nilikuwa Igalula kwa mjomba, sikukata kucha hata moja. Dada ataamini ni unga. Namhurumia Awadhi.

Jumatano, 16 Julai
Nimemtilia Bibi Kuchanguvu kwenye uji. Kauliza nani kaogeshea samaki humo. Wazee hawaelewi sayansi. Paka wake, Sultani, anaelewa: kalamba nusu kopo.

Ijumaa, 18 Julai
Msiba! Nilisahau kwamba nyumbani kwetu Ijumaa ni siku ya kukata kucha. Igalula mjomba hana habari nayo. Bibi kanikamata natia udhu. Kasema sitasimama safu moja na waumini nikiwa na makucha ya mwewe. Nikalia kwamba ule ni mtaji wangu. Kasema basi mtaji nikaufukie nyuma ya nyumba kama ilivyo desturi, nisije nikauacha kuku wakadonoa. Kumi zote! Nimezika biashara kwa mikono yangu mwenyewe.
Lakini Yahaya halali. Jioni nimenunua kucha za Awadhi, zile zisizo na rangi. Nimemwambia ni za Bibi. Kasema mashallah, bibi yako bado yumo! Gundi yake nimeikataa, sitaki kumtajirisha zaidi. Nimetumia yangu ya kuzibia mipira ya baiskeli. Inashika tairi, itashindwa kidole?

Jumamosi, 19 Julai
Nilianza vizuri mno. Dada Najiat kashika vidole vyangu, kageuza, kasifu. Wateja wakashangilia. Awadhi akainama kuzichungulia. Nikamwonea huruma tena.
Halafu dada akaleta sinia la pilau la moto, akatukalisha barazani mimi na Awadhi. Kasema kucha ya kweli inapimwa kwenye chakula. Tonge la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, gundi ikalegea. Kucha ya dole gumba ikabaki juu ya nyama! Nikaifunika kwa kiazi. Awadhi akakifunua kiazi, akaiinua, akaniuliza mbele ya wote kama hiyo ni yangu au ya Bibi. Mama mmoja mwenye rola kichwani akacheka mpaka rola zikadondoka.
Dada akaiosha, akaikunja, akaigonga mezani. Haijapasuka! Kasema kama imevumilia mafuta na moto ule, bidhaa ya Awadhi ni imara, mbovu ni gundi yangu. Unga hakuuonja hata kidogo. Kona kampa Awadhi. Awadhi kanishukuru kwa kumtangazia bure. Fedhuli.

Jumapili, 20 Julai
Awadhi kashaweka meza na mwavuli. Nimepita mara mbili bila kumwangalia. Mara zote mbili kaniomba nimpelekee Bibi salamu.
Nilikuwa nimenuna barazani, Bibi akapiga kelele. Sultani karukia mlango wetu wa mninga, kaacha mistari mirefu kama ya jembe. Mninga! Nikamdaka, nikamtazama miguu. Kucha zinang'aa, zimechongoka, ngumu kama misumari. Na nani alilamba nusu kopo Jumatano? Huo ndio ushahidi!
Kesho asubuhi nampeleka kwa dada Najiat ndani ya kikapu. Akwaruze ile meza ya Awadhi, watu waone. Safari hii hakuna gundi wala pilau. Na hata Ijumaa haitanipata: Bibi hakati kucha za paka.