Namba za Watoto wa Maman Patricie

Jumatatu, 25 Agosti

Siku ya kwanza ya mafunzo katika atelieri ya Maman Thacienne, Gihundwe. Tunashona sare za shule. Tuko wanafunzi wawili: mimi na Clarisse wa Nkanka. Nafasi ya kubaki ni moja tu. Maman atachagua Jumamosi. Naitaka!

Si kwa ajili ya cherehani. Kwa ajili ya kompyuta. Programu yake aliiandika Mzee Donatien, shemeji wa Maman, kabla mimi sijazaliwa, na bado inajua kiuno cha kila mtoto wa hapa. Kuna faili mbili: MAMA na WATOTO. Kadi ya mama ina visanduku. Katika kisanduku cha pili zimekaa namba za watoto wake wote, hata saba, kama wanafunzi waliobanana kwenye benchi moja. Vipimo havipo pale. Unataka kiuno? Mashine inachukua namba, inakimbia hadi faili ya WATOTO, inagonga mlango wenye namba ile, inarudi na kiuno. Sentimita 64! Nilikaribia kulia.

Mzee aliuliza kama kuna swali. Clarisse aliuliza manne. Mimi nilisema hapana. Nilikuwa na tisa.

Jumanne, 26 Agosti

Clarisse ameuliza tena! Kwa nini namba, kwa nini si jina la ukoo? Mzee alicheka. Alisema hapa baba ni Nzabonimana, mtoto ni Tuyishime, mdogo wake ana jina lingine kabisa, na akina Tuyishime wako kumi na mmoja mtaani. Jina haliwezi kuonyesha mtoto ni wa nani. Namba inaweza. Kwetu, watu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, watoto wote wanne tuna jina la baba, Muderhwa. Nisingefikiria hilo hata kwa mwaka mzima. Mzee huyu!

Kisha Clarisse akauliza kuhusu kisanduku cha tatu, na Maman akaniita nishike kitambaa. Jibu lilinipita. Ningeweza kumuuliza Clarisse. Kamwe! Nilichungulia mwenyewe kadi ya Maman Patricie: "suruali, sketi, suruali." Nadhani ni hesabu ya nguo ambazo mama ameagiza. Rahisi.

Jumatano, 27 Agosti

Nina mpango. Mzee anarudi Ijumaa. Kusema siwezi, basi kazi yangu itasema.

Kadi ya Maman Patricie: Rukundo, Chloé, Gisa. R mbele ya C! Wamewekwa kwa siku waliyokuja kupimwa. Programu nzuri namna hii, na watoto wamekaa ovyo! Wengine walipokwenda kula nilibaki, nikapanga namba za kisanduku cha pili kwa alfabeti ya majina. Kadi thelathini na nne. Nikajaribu: kiuno cha Gisa kilirudi na Gisa, cha Chloé na Chloé. Hakuna aliyepotea.

Kisanduku cha tatu sikukigusa. Mimi si mtu wa kugusagusa.

Alhamisi, 28 Agosti

Orodha ya sare imetoka kwenye mashine, mafundi wanakata vitambaa. Maman aliishika juu, akasifu usafi wake, akasema, "Hii liste iko propre!" Kisha akampongeza Clarisse, akidhani ni kazi yake. Clarisse alishangaa. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilisema moyoni kwamba kosa hilo nitalirekebisha kesho.

Ijumaa, 29 Agosti

Ole wangu.

Maman Patricie alileta watoto wajaribu sare. Gisa ana miaka kumi na mitano na anaimba besi kanisani. Alitoka nyuma ya pazia amevaa sketi.

"Yezu wangu!" mama yake akapiga kelele. "Mutoto mwanaume, munamushonea jupe?"

"Siko navala hii, Maman!" Gisa alinguruma.

Lakini ilimkaa! Kiuno sawa, urefu sawa, hata sentimita moja haikukosea. Chloé alikuwa katika suruali, na yeye pia sawasawa. Hata katika aibu ile niliisifu mashine.

Mzee Donatien alifungua kadi. Akaeleza: neno la kwanza la kisanduku cha tatu ni la namba ya kwanza ya kisanduku cha pili, la pili ni la ya pili. Wanatembea pamoja. Mtu amehamisha upande mmoja.

Maman akamgeukia Clarisse. Nafasi ya kazi, alisema, asiitegemee. Clarisse alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na swali.

Mkono wangu ulipanda wenyewe, kama darasani. Nilisema ni mimi. Sauti haikutoka. Nikasema tena.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Alisema mashine imenitii kuliko anavyostahili mtu asiyeuliza. Kadi za mama nisiziguse tena bila kuuliza. Niliapa.

Jumamosi, 30 Agosti

Nafasi amepewa Clarisse. Haki yake.

Kisha Clarisse akauliza (huyu anauliza kila kitu!) kama naweza kubaki nimsaidie. Maman alihesabu nguo zilizokosewa. Akakubali. Nitafumua nguo kumi na moja, na asubuhi nitafungua mlango mimi. Nina ufunguo!

Clarisse! Moyo gani ule? Aliuliza tu, akapewa. Ajabu kabisa.

Lazima nimshukuru, na si kwa maneno, maana nitapata kigugumizi. Nimeona jambo. Katika faili ya WATOTO namba zinaruka: 53, halafu 71. 80, halafu 94. Mashimo matupu, aibu kwa kazi ya Mzee. Jumatatu nitafungua mapema, na kabla Clarisse hajafika nitakuwa nimewapa watoto wote namba mpya: 1, 2, 3, mpaka mwisho, bila pengo hata moja. Kadi za mama, na namba zilizomo, sitazigusa kabisa. Niliapa.

Nilifikiria kumuuliza Mzee kwanza. Lakini hiyo haitakuwa zawadi tena.