Nguzo Iliyo Mbele ya Kiti Namba Kumi na Moja

Jumamosi, 1 Juni 1974

Tumeshinda. Nimeambiwa.

Kaniambia Leon Mazurek, jirani yangu wa kiti namba kumi na mbili, kama anavyoniambia kila kitu kinachotokea kwenye besiboli Uwanja wa Kessler tangu nirithi kiti hiki kwa mjomba Wincenty. Mimi nakaa namba kumi na moja, nyuma ya nguzo. Nguzo ya chuma, nene, ya kijani, inashikilia paa. Mrushaji namwona vizuri. Mpira ukimtoka mkononi nauona. Kisha naona nguzo. Kisha naona watu wamesimama. Mpigaji sijapata kumwona akipiga, labda niegemee bega la Mazurek, na Mazurek hapendi kuegemewa. Leo kanisukuma akaniambia, "Kaa kwako, bwana Kubiak, hapa si kitandani." Wa viti vya nyuma wakacheka mpaka basi.

Nataka kitu kimoja tu duniani. Kuona mpira ukirushwa na kuuona ukipigwa, vyote viwili, kwa macho haya haya, nikiwa nimekaa wima. Dirisha la tiketi wanasema kiti kizuri hakipatikani mpaka mwenye nacho afe. Nikamtazama Mazurek akimalizia soseji. Afya tele. Itabidi nitumie akili.

Jumapili, 2 Juni

Misa, kisha uwanjani mapema. Nilianza kwa upole. Nikamwambia Mazurek kwamba kwangu kuna kivuli cha nguzo, jua la Detroit litammaliza, tubadilishane kwa ajili ya afya yake. Akasema afya yake haijalalamika.

Basi mpango wa pili. Nguzo yangu imebonyea mahali, usawa wa kichwa. Aliyeibonyeza ni Rufus Tolliver, muuza bia, siku alipoikumba na pipa alilobeba begani. Nilikuwepo. Bia iliniingia kiatuni. Lakini leo nikapapasa kile kibonyeo mbele za watu, taratibu, kama mtu anayepapasa farasi, nikashusha pumzi, nikamwuliza Mazurek kama kweli hajui. Hajui nini? Nikampa. Mwaka 1919, Ambrose Tull, jitu la mikono mirefu, alipiga mpira ukaenda nje ya mstari, ukaja kugonga hapa hapa, na nguzo ikalia kama kengele mpaka mchezo ukaisha. Anayekaa nyuma ya nguzo hii, nikasema, amekaa ndani ya historia.

Ambrose Tull hajazaliwa. Nilimtunga nikitafuna karanga. Lakini Mazurek aliweka soseji chini, na mstari mzima ukageuka kutazama. Mama mmoja alikuja kuigusa nguzo, akafanya ishara ya msalaba. Kesho kutwa Mazurek atanipigia magoti nimwachie kiti.

Jumanne, 4 Juni

Mwizi mkubwa. Mazurek hataki kubadilishana. Anasema aliye nyuma ya nguzo anaona rangi tu, bali aliye namba kumi na mbili anakiona kibonyeo chote, na hiyo ni haki ya ukoo wake. Ukoo wake umeingiaje? Ati baba yake alikuwepo siku ile ya Tull. Ati mpira ulipodunda kwenye nguzo ulimpiga mdomoni ukamng'oa jino. Na kaja nalo hilo jino, ndani ya kikasha cha pete. Watu walipanga foleni kulitazama.

Uongo nitunge mimi, sifa achukue yeye. Nilimsimulia mke wangu Halina, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Akaniuliza kwa nini nisibaki nyumbani nitazame televisheni, maana haina nguzo. Mwanamke huyu hajui uwanja ni nini.

Jumatano, 5 Juni

Gazeti la asubuhi. Klabu imetangaza kwamba majira ya baridi nguzo zote za Kessler zitakatwa. Paa litainuliwa juu zaidi na kushikiliwa na nyaya nene kutoka nje. Kuanzia msimu ujao hakuna mtazamaji atakayezibwa.

Nilisoma, nikasoma tena. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nikambusu Halina. Akauliza kafa nani. Nikamwambia hajafa mtu, ila mumewe ataanza kuona. Akasema itakuwa vizuri, nianzie na bomba la bafuni linalovuja.

Nikajipongeza pia, kwa kuwa hili kwa namna fulani ni matunda ya subira yangu. Mazurek abaki na jino lake.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo yameharibika, na aliyeyaharibu ni Bi Ottilie Brandt.

Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulinda majengo ya kale, na chochote kilichopinda pale Kessler kipo kwa sababu yake. Ukuta wa kulia umejikunja ukaingia uwanjani kwa sababu wakati wa ujenzi mjane Hoekstra alikataa kuuza nyumba yake. Nyumba ilishabomoka, mjane alishazikwa, kona ipo, na Bi Brandt anailinda. Kile kilima mbele ya ukuta wa kati, wanachokipanda wachezaji wakikimbiza mpira halafu wakaanguka kifudifudi, ni kifusi tu ambacho wajenzi walichoka kukizoa. Bi Brandt anakiita urithi. Mlingoti wa bendera umo ndani ya uwanja kabisa, kuna mchezaji alivunjika mbavu pale. Nao ni urithi.

Sasa kasikia habari za Ambrose Tull. Kaenda klabu kuwaambia wakate nguzo zote wapendavyo, ila ile moja ibaki. Klabu imekubali. Mhandisi kasema haina shida hata kidogo, kwa sababu paa litakuwa juu sana na nguzo haitalifikia. Haitabeba kitu. Itasimama tu.

Itasimama tu, mbele yangu. Uwanja mzima utakuwa wazi kila upande, na Tadeusz Kubiak peke yake atakuwa amefungiwa. Leo sikula chakula cha jioni.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamua kusema kweli. Sikudhani nitafika huko.

Nilikwenda ofisini kwa Bi Brandt, nikavua kofia, nikamwambia Ambrose Tull ni wa kichwani mwangu. Akanitazama kwa huruma. Akasema ameshawaona watu wa aina yangu, wanaotenda jambo kubwa halafu wanaogopa sifa. Nikamwambia aangalie kwenye kumbukumbu za ligi, hakuna mchezaji wa jina hilo. Uso ukamjaa uchungu. Akasema ameangalia, na hiyo ndiyo dhuluma yenyewe, walimfuta.

Halafu akanionyesha shahidi wake, mzee Gorecki, aliyekuwa amekaa pembeni na fimbo yake, nisimwone nilipoingia. Mzee Gorecki anaikumbuka sauti ya ile nguzo kama jana. Akaiimba. Bi Brandt alifumba macho kusikiliza. Sauti nzuri, sikatai.

Nikakimbilia kwa Rufus Tolliver. Nikamsihi awaambie lilikuwa pipa lake. Akaweka mzigo chini akaniangalia. "Kaka, niende mwenyewe nikaseme nimeharibu mali ya klabu? Hivi wewe unanitakia mema kweli?" Akaongeza kwamba tangu hadithi ianze hajawahi kuuza bia kama anavyouza pale penye nguzo, na Ambrose Tull, Mungu amlaze pema, ni mtu wake. Akanipa bia moja ya bure. Nikainywa kwa hasira.

Jumanne, 11 Juni

Bila kibonyeo hakuna historia. Hili lilinijia nikiwa nanyoa ndevu.

Milango ilipofunguliwa tu niliingia nikiwa na puti ya kushikizia vioo vya madirisha, kopo la rangi ya kijani na kisu cha mkate cha Halina. Nikaziba. Nikalainisha. Nikapaka. Mwenye duka alinihakikishia kijani ni kijani. Si kweli. Limetokea doa kubwa kama sahani, la kijani cha mbaazi mbichi, linaonekana tokea ng'ambo ya uwanja. Nilikuwa nalifuta kwa kofia nikasikia kikohozi nyuma yangu. Mazurek. Pamoja naye Bi Brandt. Pamoja nao mpiga picha wa gazeti.

Nilidhani nimekwisha. Nikafurahi, kusema kweli. Nikawaza wanifukuze, wanishtaki, lakini nguzo itakuwa haina maana tena. Bi Brandt akashika kifua. Akawaambia wenzake watazame, huyu ndiye shabiki, kaja peke yake kuitibu nguzo jeraha lake. Picha ikapigwa. Mazurek aliwahi kujipenyeza ndani ya picha, na kikasha amekifungua.

Fundi wa klabu akaja kubandua puti kwa patasi. Kapiga kwa nguvu mno. Kibonyeo sasa ni kikubwa kuliko mwanzo, na mzee Gorecki anasema sasa ndiyo kinafanana na anavyokikumbuka. Halina anadai kisu kingine.

Jumapili, 16 Juni

Sherehe. Bendi ya zimamoto, hotuba, maua. Kibao cha shaba kimefungwa kwenye nguzo, kikielekea kwangu. Kina jina la Ambrose Tull, jina la baba yake Mazurek, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, langu, limekosewa. Kibao ni kipana kuliko nguzo. Mrushaji niliyekuwa namwona sasa namwona nusu.

Kisha mkurugenzi wa klabu akaniita mbele. Akatangaza kwamba kwa kuihifadhi historia ya uwanja wetu, kiti namba kumi na moja ni changu maisha yangu yote. Hakiuzwi, hakibadilishwi, hakirudishwi. Watu walisimama kunipigia makofi. Halina alipiga kuliko wote, na mabega yalikuwa yakimtikisika.

Mchezo wenyewe ulikwenda kimya kimya mpaka zamu ya nane. Mrushaji akainua mkono, yaani mkono ninaouona. Nikaona nguzo. Nikaona kibao. Ukapita ukimya ambao sijausikia humu ndani tangu nianze kuja. Halafu uwanja wote ukainuka. Watu wazima walikuwa wanalia. Walikuwa wanakumbatia wasiowajua. Rufus alimwaga trei nzima ya bia na hakutazama chini. Nikainama kulia, nikainama kushoto, migongo mitupu.

Mazurek aliketi polepole, uso umempauka. Nikamwuliza kumetokea nini. Akasema amekaa hapa tangu ujana wake na hajaona kitu kama kile, na hatakiona tena. Nikamwambia sawa, nisimulie. Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "hii haisimuliki."

Mtu huyu kanisimulia kila mpira tangu mjomba afe. Kanisimulia mbwa alipoingia uwanjani. Kanisimulia mvua ambayo ilikuwa inagonga paa juu yangu mwenyewe. Leo kashindwa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Halina hakucheka. Aliniwekea supu ya kiazi chekundu, akakaa kando yangu, na hiyo iliniumiza zaidi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamka kichwa chepesi. Kosa langu nimeshaligundua, na ni dogo tu. Nilisifia kitu sicho. Nguzo haikustahili kusifiwa. Kilichostahili ni kiti cha Mazurek. Mtu kang'olewa jino pale, halafu mwanawe analikalia tukio lile kila wiki akila soseji. Kiti kama kile hakikaliwi. Kikiachwa kitupu, bega la kunisukuma halipo. Nitaegemea nitakavyo. Nitamwona mpigaji, nitamwona mrushaji, nitaona mpaka vumbi la viatu vyao.

Nimempigia simu Bi Brandt kabla hajanywa kahawa. Nikamweleza, kwa sauti ya chini, kwamba mjomba Wincenty kabla ya kukata roho aliniambia damu ya mzee Mazurek bado imo ndani ya mbao za namba kumi na mbili. Amefurahi sana. Ataongea na klabu leo leo. Mazurek atahamishiwa mstari wa mbele kabisa, kwa heshima ya baba yake, na kiti kitabaki kitupu milele.

Jambo moja tu linamtia wasiwasi. Paa likiinuliwa, mvua itakuwa inafika pale, na mbao za kale hazitaki maji. Kwa hiyo anafikiria kiti kijengewe kijipaa chake chenyewe, cha chini, na nguzo nne za chuma za kukishikilia. Akataka kujua, mimi kama jirani, nina maoni gani.

Nikamwambia wajenge haraka.